Gari la Mama Mkwe Lililochemsha Mwendoni

Kwanza wekeni simu chini. Najua ndani yake kuna kitu kinachosoma injini na kuwaambia ugonjwa wake, na mimi sina ugomvi nacho. Ila juzi mmoja wenu alinijia na gari la zamani la baba yake, zuri, limepakwa rangi upya, simu yake imenyamaza kimya, akaniambia: “Tata Meka, mu mji iko muzuri. Nikipiga mbio ku njia ya Likasi, inachemuka.” Nilicheka mpaka nikakohoa, kwa sababu ugonjwa huo huo uliwahi kuja nyumbani kwangu na kutaka kuivunja. Yule nilimjibu kwa ufupi akaenda zake. Nyinyi mliobaki nitawajibu kwa urefu, maana mimi ni mstaafu na sina pa kwenda.

Nilijifunza kazi kwenye gereji ya mgodi hapa Kolwezi, chini ya Tata Ilunga, mzee mwenye mikono mipana na ulimi mchafu. Alifundisha kwa kututukana. Ukisahau kukaza nati alitukana ukoo wako wote mpaka Sandoa, na mimi natoka Sandoa kweli, kwa hiyo iliniuma kuliko wenzangu. Lakini habari ya joto la injini aliieleza kwa maneno machache, na tangu hapo sijasikia mtu aliyeieleza vizuri zaidi. Alisema joto ni la namna mbili. Gari likichemsha limesimama, au likitambaa sokoni Manika katikati ya watu, tatizo ni upepo. Tazama feni, tazama mkanda wake, tazama kama rejeta haijajaa nyasi na panzi. Likichemsha linapokimbia, upepo unaingia wenyewe, tena wa bure, basi tatizo ni maji. Hayazunguki. Ama rejeta imeziba ndani, ama pampu imechoka, ama kuna mahali njia imebanwa. Ukishamaliza hayo yote bila kupata kitu, tazama kama cheche haichelewi. Ukikosa hata hapo, nenda nyumbani ukale, ujaribu tena kesho.

Alichosahau kukisema ni kwamba watu ndio ugonjwa wa kwanza wa rejeta. Kulikuwa na muuza samaki mmoja ambaye rejeta yake ilivuja tone moja moja. Rafiki yake akamwambia unga huziba. Akamimina humo unga wa muhogo, na alikuwa mkarimu, hakupima. Alisafiri vizuri mpaka maji yalipopata moto, na mnajua wenyewe unga wa muhogo na maji ya moto hufanya nini. Alipoletwa gerejini kwa kamba tulifungua kifuniko, bukari, ugali wetu, ikapanda yenyewe, imeiva, nyeupe, na harufu yake nzuri kabisa. Tata Ilunga aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza yule bwana kama samaki naye yuko humo humo au amemwacha kwenye gari. Tulikwangua siku nzima. Nimetoa pia mayai, pilipili na majani ya chai kwenye rejeta za watu. Msiweke chakula humo, tafadhali.

Sasa mama mkwe.

Nyinyi wa siku hizi mnaketi na mama mkwe kwenye kochi moja mnatazama mpira. Kwetu, na kwa watu wa Kasai zaidi, kuna bukwe, yaani heshima ya ukwe. Mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hamwiti jina, hali naye, haketi naye gari moja, na kulala nyumba moja ndilo jambo lisilosemeka kabisa. Mkikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mimi nimeingia majanini mara nyingi, na mara moja kwenye mtaro wa maji machafu, na ilikuwa Jumapili nimevaa suti.

Mke wangu Kapinga ni Mkasai, na mama yake, Mama Ngalula, alikaa nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja tu katikati. Alikuwa mjane, mwalimu wa ushonaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Tulisikilizana kila neno kupitia ule ukuta, lakini sheria ilitaka neno lipite kwa Kapinga kwanza. Kwa hiyo asubuhi zetu, kama ile baada ya kumtengenezea breki za gari lake, zilikuwa hivi:

“Kapinga! Umwambie mukwe yangu, frein alitengeneza jana inalia kama mutoto.”

“Kapinga, umwambie mama, ni mupya. Italia kidogo, itanyamaza.”

“Bote mumesikia?” Kapinga aliuliza, huku akiendelea kupepeta unga wake.

Gari lenyewe lilikuwa la Kifaransa, la kabla ya uhuru, jeusi, lenye mapezi mawili nyuma. Marehemu baba mkwe alilipata kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na kwa kuwa lilikuwa la mke wa yule mzungu, mtaa mzima uliliita Madame. Baba mkwe alipofariki, Mama Ngalula alishika usukani na hakumwachia mtu tena. Fundi wake nilikuwa mimi. Nililirekebisha gari lile miaka mingi bila hata siku moja kuketi ndani yake pamoja na mwenyewe.

Kisha ukaja ule wakati. Mgodi ulikuwa unakufa. Magari makubwa yalisimama, mishahara haikuja, na ukitafuta spea stoo ulikuta rafu tupu na mlinzi aliyelala. Watu wakasimama kwenye mikutano wakasema taabu yote imeletwa na Wakasai, warudi kwao. Wengi wao hawakuwa na kwao pengine. Babu zao waliletwa kufanya kazi mgodini, na wao walizaliwa hapa na kubatizwa hapa. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba kuwatoa. Kituo cha treni kikajaa familia zilizolala nje juu ya masanduku zikingoja mabehewa yasiyokuja, na watoto wakaanza kuugua. Mkinisikia nacheka katika habari hii, jueni sicheki hapo.

Walikuja kwangu pia, wakaniambia nimfungie Kapinga mizigo. Niliwajibu atakayekuja kumtoa aje na spana yake, mimi ninazo zangu. Walijua nina spana za magari ya mgodi, zile ndefu kama mkono, wakasema watarudi, na hawakurudi. Lakini Mama Ngalula hakuwa na mume wa kusema hivyo mlangoni, na mlango wake ulikuwa umeshapigwa alama ya chokaa.

Kapinga alimwomba aje kwetu, ajifiche mpaka hasira za watu zipoe. Nilimsikia mama yake akijibu, na nina hakika hata waliokuwa barabarani walisikia.

“Mi nilale mu nyumba ya mukwe yangu? Mamu wanyi! Afazali banifukuze na heshima yangu.”

Basi ikabaki njia moja. Lubumbashi palikuwa na afadhali, na ndugu yake alikuwa huko. Kila Jumamosi msafara wa magari uliondoka, lori la askari mbele. Wale askari walikuwa wanaogopa kuliko wasafiri, kwa hiyo walikimbia, na hawakumngoja mtu. Gari lililobaki nyuma lilikutwa peke yake na vijana waliofunga barabara kwa vizuizi. Familia moja ya mtaani kwetu tairi liliwapasukia, wakarudi kwa miguu bila gari, bila mizigo na bila viatu, na baba yao hakurudi nao. Ndivyo ilivyokuwa. Mama Ngalula alipaswa kukimbia na msafara mpaka mwisho, na Madame, kila alipokimbia, alichemsha.

Nilianza kazi Jumatatu. Niliitoa rejeta nikaiosha mpaka maji yakatoka meupe. Nilifungua pampu ya maji, mapanga yake yalikuwa mazima. Nilitoa ile termostati, kidude kinachofungua njia ya maji yakipata moto, nikaichemsha kwenye sufuria ya Kapinga nione kama inafunguka, ikafunguka, na Kapinga akafunga mdomo siku nzima kwa sababu ya sufuria. Nilipanga cheche upya. Kila baada ya kazi nililipeleka gari mpaka sokoni na kurudi, na mshale wa joto ulikaa katikati kwa adabu. Nikatangaza limepona. Kesho yake ukuta ukasema:

“Kapinga! Umwambie mukwe yangu, Madame amechemuka tena, kule ku njia ya aeroport.”

“Kapinga, umwambie mama, labda anasahauka kutoa frein ya mukono.”

Ukuta ukagongwa kwa kiganja. Kisha:

“Kapinga. Mi nilianza kuendesha motokari wakati yeye alikuwa angali anachunga mbuzi kule Sandoa.”

Ilikuwa kweli, na mbuzi wenyewe hawakuwa wangu.

Tuliendelea hivyo mpaka Alhamisi. Likiwa na mimi, gari zima. Likiwa na yeye, gari jiko. Nilianza kuamini mambo ambayo fundi hapaswi kuyaamini, kwamba hata Madame alikuwa na bukwe, hataki kuchemsha mbele yangu. Aliyetukomboa ni Kapinga, ambaye alikuwa amechoka kuwa simu yetu. Aliweka kibakuli chini akaniuliza:

“Wewe unaendeshaka na mbio gani?”

“Polepole. Petroli iko nguvu kuipata.”

“Mama anakimbiaka kama muntu banamufukuza,” akasema, na akakiinua tena kibakuli, maana walikuwa wanamfukuza kweli.

Nikaona aibu. Wiki nzima nilikuwa natafuta joto la kukimbia kwa mwendo wa kwenda kununua nyanya. Ilinibidi niione injini ikiwa kwenye mbio za Mama Ngalula, na ikiwa na moto wa Mama Ngalula. Mtaniuliza kwa nini sikuikanyagia mafuta pale pale uani. Nilifanya hivyo mpaka majirani wakalalamika, na sikuona kitu. Ugonjwa ule ulitaka barabara. Mtasema basi niendeshe mimi na mwingine atazame. Mwingine yupi? Kapinga hajui injini, na majirani hawakutaka kuonekana kwenye gari la Mkasai wiki ile, hata wale waliopanda humo bure miaka yote kwenda kanisani. Dereva alikuwa mmoja na jicho lilikuwa moja, na hao wawili hawakuruhusiwa kuwa ndani ya gari moja.

Nililala nikiliwaza jambo hilo, na asubuhi ya Ijumaa nikamwita Kapinga.

“Umwambie mama, bukwe inakataza kukaa ndani ya motokari. Juu ya motokari haikusema kitu.”

Upande wa pili nyayo zilikwenda na kurudi. Mama Ngalula alikuwa anaipima sheria. Kisha akauliza:

“Uso yake itakuwa wapi?”

“Mu motere,” nikasema, yaani ndani ya injini, bila kungoja zamu.

“Kapinga, umwambie uso ikikuwa mu motere, ni sawa.”

Mnazijua barabara za mgodi kule kwenye shimo la Mashamba, zile zilizochongwa kwa ajili ya malori makubwa kama nyumba. Wakati ule hakuna lori lililopita, zilikuwa pana, nyeupe na tupu. Tulikwenda huko. Nililegeza boneti nikaiacha wazi kwa mbele kiasi cha kupitisha kichwa, nikaikaza kwa waya isije ikaruka. Nikalala kifudifudi juu ya bawa la gari, yaani madigadi ya gurudumu la mbele, kichwa ndani ya injini, kamba kiunoni imefungwa kwenye bampa, miguu yangu ikielekea kioo cha dereva. Mama Ngalula aliketi juu ya mito miwili ili aone barabara kwa juu ya boneti. Kapinga aliketi nyuma yake, na kazi yake ilikuwa kusoma mshale wa joto na kupeleka habari.

Hatukwenda mbali nikasikia:

“Kapinga, umwambie mukwe yangu, soli ya kiatu yake iko na tundu. Niko naona soksi.”

“Mama anasema...”

“Nimesikia!” nikapiga kelele ndani ya injini. “Umwambie atazame barabara!”

Akakanyaga mafuta. Vijana, nimefanya kazi chini ya malori ya mgodi, nimewahi kumwagiwa oili ya moto mgongoni, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa juu ya bawa la Madame. Vumbi liliniingia puani, mkanda wa feni ulipiga kelele karibu kabisa na sikio langu, na kila shimo lilinirusha nikarudi chini kwa tumbo. Nilianza kusali kwa Kilunda, lugha ambayo nilikuwa sijasali nayo tangu utoto. Kapinga alitangaza mshale: katikati, katikati, umepita katikati kidogo. Na hapo ndipo nilipouona ugonjwa.

Chini ya rejeta kuna mpira mnene, unaopeleka maji yaliyopoa kwenye pampu. Ule mpira ulianza kuingia ndani. Uliingia polepole, kama shavu la mtoto anayenyonya, mpaka pande zake mbili zikagusana na maji yakakosa njia.

“Iko ku nyekundu!” Kapinga akalia.

“Umwambie mama asimame!”

“Mama, anasema usimame!”

“Umwambie yeye mwenyewe alisema nikimbie!”

“Mama, simama, atakufa!”

Akasimama, kwa nguvu zake zote, na ni kamba tu iliyonizuia nisiendelee na safari peke yangu. Mpira ulijaa tena mbele ya macho yangu, ukawa mzima, mnene, hauna hatia. Ndiyo maana hatukuuona. Kila mtu akisikia gari limechemsha husimamisha, na ukisimamisha mpira nao unapona.

Sasa nitawaambia ule mpira ulitoka wapi. Aliuweka Tata Ilunga mwenyewe, miaka michache kabla hajafariki, wakati spea za Ulaya zilipoanza kuadimika. Aliukata kwenye lundo la mipira chakavu ya pampu za mgodi, ile inayosukuma maji kutoka shimoni mpaka juu. Aliupiga kofi akasema huu hautapasuka hata siku ya kiama. Mimi niliamini, na kwa hiyo katika wiki nzima ya kufungua na kufunga sikuugusa. Na alisema kweli, haukupasuka. Sisi watu wa mgodi tunaogopa kitu kimoja tu, mpira kupasuka, kwa sababu tumewaona wenzetu waliopigwa na mpira uliopasuka. Kwa hiyo tunachagua ule unaostahimili kusukumwa. Lakini pampu ya gari haisukumi tu kama ya shimoni. Kwenye mpira wa chini inanyonya, na ikikimbia inanyonya zaidi, na mpira uliozeeka ukishapata moto unalegea na kukubali. Ule uliotoka kiwandani ulikuwa na waya wa chuma umezungushwa ndani ili usilale. Huu wetu haukuwa nao. Nilisimama pale Mashamba nikabishana na marehemu kwa sauti, nikamtukana kwa matusi yake mwenyewe, na Mama Ngalula, aliyekuwa amegeukia upande mwingine kama inavyopasa, akamwambia Kapinga mukwe yake ameguswa na jua.

Hivyo kijana, ukitaka jibu fupi: fungua mpira wa chini, ingiza kidole, tafuta waya. Ukikosa waya, usitafute kingine.

Kuujua ugonjwa ni nusu tu. Ilikuwa Ijumaa mchana na msafara uliondoka asubuhi. Duka la spea lilikuwa limefungwa tangu mwenyewe, Mkasai naye, alipokwenda kituoni. Waya ulikuwepo wa kumwaga, lakini tuko Kolwezi, waya wetu ni wa shaba. Nikazungusha wa shaba, nikauingiza, na ulipopata moto ukalala pamoja na mpira kama ndugu wawili. Nilitaka chuma kinachorudi kikibanwa. Nilitaka springi. Nilisema hivyo kwa sauti, na Kapinga akasema bila kufikiri:

“Kitanda ya mama iko na springi mingi.”

Nikageuka haraka, nikaupa ukuta mgongo. Kuna mambo ambayo mkwe hayasikii hata yakisemwa. Kitanda cha mama mkwe! Nilimwambia Kapinga kwamba heri niongozane na msafara kwa miguu nikiupuliza ule mpira kwa mdomo. Lakini mama yake alikuwa ameshaanza kuvua shuka. Tulisikia godoro likianguka sakafuni.

“Kapinga, umwambie mukwe yangu, hii kitanda mi siibebe. Itabaki ku bale benye kunifukuza. Afazali iingie mu motere.”

Kapinga alileta zile springi zimefungwa kwenye kitambaa, kwa adabu. Nikazikunjua, nikazizungusha upya kwenye bomba lenye unene wa mpira. Nilifanya kazi ile yote nimegeuza uso pembeni, kana kwamba springi zinaweza kuniona, na ndiyo maana kidole hiki mnachokiona kina kovu. Kabla jua halijazama tulirudi Mashamba, mimi juu ya bawa, kiatu kimezibwa kwa karatasi. Mama Ngalula akakanyaga. Mpira ulitaka kuingia, ukakuta chuma, ukaacha. Kapinga akatangaza katikati, katikati, katikati, mpaka tukafika mwisho wa barabara, na mimi nikaanza kulegeza vidole.

“Kapinga, umwambie mukwe yangu ashike muzuri. Narudilia.”

Alirudia mbio zile mara mbili. Nafikiri alikuwa anacheka, lakini uso wangu ulikuwa mu motere.

Jumamosi asubuhi magari yalipangwa njiani, na Madame akawa wa mwisho, kwa sababu mjane hana wa kumpigania nafasi. Mashine ya kushonea ilikuwa kiti cha mbele, sufuria na masanduku nyuma mpaka darini. Mtaa ulitoka kutazama. Wengine walilia, na wengine walikuwa wanasubiri tu nyumba. Mimi nilisimama upande wa nyuma ya gari nimewapa mgongo, kama sheria inavyotaka, nikijifanya nakagua tairi. Kapinga alimkumbatia mama yake dirishani muda mrefu. Lori la askari likapiga honi. Kisha ile sauti ya kwaya ikasema, watu wote wakaisikia:

“Kapinga, umwambie mukwe yangu, kama Madame anachemuka mu njia, nitarudia ku miguu, na nitakuya kukaa mu nyumba yake mpaka nikufe. Aogope.”

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Kapinga alikuwa ameficha uso begani kwa mama yake, kwa hiyo nilijibu bila zamu.

“Umwambie mama nimesikia. Niko naogopa.”

Madame akaondoka. Sikugeuka mpaka sauti yake ilipoisha.

Siku ile sikufanya kazi. Tuliketi barazani mimi na Kapinga, tukisikiliza barabara. Mchana niliingia ndani kutafuta maji nikaona chumba cha nyuma kimefagiwa, kitanda cha wageni kimetandikwa shuka la harusi yetu. Kapinga hakuwa ameniambia. Mlango wa chumba kile ulikuwa unalegea tangu mvua za mwaka uliopita. Nilichukua bisibisi nikaukaza bawaba, nikaupaka na mafuta ili usilie, na mimi pia sikumwambia.

Jumapili baada ya misa alipita dereva wa lori la vitunguu aliyetoka Likasi. Nilimsimamisha nikamuuliza kama aliuona msafara.

“Niliona,” akasema. “Kulikuwa na mama moya wa motokari nyeusi, ya mapezi. Tata, ule mama! Ku ile barriere ya mwisho bale bijana balianza kutupa miti mu njia, magari ya nyuma ikakamatwa. Yeye alishapita zamani. Alipita ata basoda! Basoda banapiga klaksoni, yeye anabapungia mukono.”

“Na motere?” nikauliza. “Haikutoka moshi?”

“Moshi ya wapi? Iko inaimba.”

Kapinga alicheka. Alipiga mapaja yake, akamwita jirani aje asikie kwamba mama yake amewapita askari, akacheka tena mpaka akaketi chini. Lori lilipoondoka alikuwa bado anafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akaitazama barabara ya Likasi.

“Basi harudie tena?” akaniuliza.

“Harudie,” nikasema. “Nilitengeneza muzuri.”